Kaka amefia ughaibuni, na mkewe hataki kutukabidhi mwili

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo simu yangu haiiti. Kaka yangu, mtoto wa kwanza kwa baba na mama, amefia ughaibuni. Leo ni siku ya kumi na moja. Alikuwa na miaka 42, fundi umeme, na hatukuwahi kusikia anaumwa. Siku hiyo alirudi kazini, akala, akalala. Asubuhi mkewe alipomwamsha hakuamka.

Alikwenda huko miaka tisa iliyopita akaoa huko huko, ndoa ya serikali. Wifi tumemwona kwenye simu tu, labda mara nne. Wana mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne.

Taarifa ilipotufikia, baba alisema neno moja: mwanangu atalala nyumbani. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu. Baba mdogo akafungua daftari la michango, akatangaza kwamba mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wameshaomba ruhusa kazini, wengine wameshakata tiketi.

Mimi ndiye ninayeijua lugha ya huko, kwa hiyo kila kitu kimeniangukia. Kila nikimpigia wifi ananijibu vile vile: "Mwili uko kwao, bado hawajaniachia." Nikimuuliza ni akina nani, anasema kuna ofisi inachunguza, kisha anaanza kulia na simu inakatika. Baba mdogo anasema hizo ni janja, anavuta muda amzike kimyakimya abaki na bima na nyumba. Juzi alitaka aongee naye mwenyewe, mimi nikiwa mkalimani. Shangazi, alimwambia maneno ambayo mengine sikuyatafsiri, lakini sauti haihitaji mkalimani. Tangu hapo wifi hapokei simu. Ameniandikia ujumbe mmoja tu, kwamba mtoto wake anahitaji kuwa na mahali pa kumtembelea baba yake.

Halafu jana mtu mmoja amempa baba mdogo namba ya wakala. Anasema ana watu wake ndani, anaweza kuutoa mwili kwa siku tatu bila hata saini ya mke. Anataka nusu ya pesa kwanza, itumwe kwenye namba yake binafsi. Ametutumia picha ya barua yenye mihuri miwili. Kesho jioni kuna kikao na baba mdogo anataka pesa itoke.

Na jingine. Kampuni aliyokuwa anafanyia kazi imesema iko tayari kulipia usafirishaji, ila familia isaini karatasi. Nimeisoma. Kuna mstari unaosema kwamba baada ya hapo familia haina dai lolote kwa kampuni.

Je, mke ana haki ya kutuzuia kumzika ndugu yetu? Huyo wakala tumlipe? Karatasi tusaini? Na kama mwili hauji, mimi nitamwambiaje baba?

Mdogo wake marehemu

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kaka, na pole ya kufanywa mkalimani wa msiba wako mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye maneno ya wifi yako ambayo ninyi mmeyasikia kila siku bila kuyasikiliza: bado hawajaniachia. Hajasema "sitaki." Hajasema "nimeamua." Amesema hawajamwachia, maana yake naye anasubiri kama mnavyosubiri ninyi.

Mtu wa miaka 42 asiyejulikana kuumwa analala usiku na asubuhi hayupo. Katika nchi nyingi, kifo cha namna hiyo daktari hawezi kukiandikia sababu kwa kukisia tu. Sheria inamtaka akipeleke kwa afisa wa kuchunguza vifo, kwingine ni polisi, kwingine ni hakimu au mwendesha mashtaka, na kuanzia hapo mwili unakuwa chini ya ofisi hiyo. Mke hawezi kuutoa. Balozi hawezi. Baba mdogo na daftari lake hawezi. Wataupasua ili waangalie moyo, ubongo na mapafu, na mara nyingi watachukua vipimo vya damu na vya viungo ambavyo majibu yake huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Habari njema ni kwamba mara nyingi mwili wenyewe haungoji majibu hayo. Uchunguzi wa mwili ukishamalizika, ofisi inaweza kuuachia, na nchi nyingine hutoa cheti cha muda cha kuthibitisha kifo wakati sababu kamili bado inatafutwa.

Kwa hiyo swali lako kwa wifi si "kwa nini hutaki." Muulize: ni ofisi gani, faili lina namba gani, je, uchunguzi wa mwili umeshafanyika, na je, ofisi imeambiwa kwamba huenda mwili ukasafirishwa nje ya nchi? Hilo la mwisho watu hulisahau. Pale England na Wales, kwa mfano, mwili haukanyagi nje ya mpaka hadi afisa wa kuchunguza vifo apewe taarifa ya maandishi na ajibu, hata kama kifo chenyewe hakina utata wowote, na kwa kawaida zinahesabiwa siku nne kamili kabla haujaondoka, isipokuwa mwenyewe aruhusu mapema. Kila nchi ina mlango wake wa namna hiyo. Ukigongwa mapema, unaokoa siku nyingi.

Sasa yule wakala. Msimlipe. Nasema hivyo bila kuijua sura yake. Mwili ulio chini ya uchunguzi hautoki kwa kujuana, na mwili ulioachiwa hutoka kwa saini ya mtu mwenye haki nao kisheria, ambaye huiandikia kampuni ya mazishi idhini ya kuuchukua. Mtu anayekuambia atauruka ukuta huo kwa siku tatu, ama anadanganya, ama anakuomba ushiriki kosa la jinai katika nchi ambayo wifi yako na mtoto wake wataendelea kuishi. Mihuri isikutishe, siku hizi muhuri hutengenezwa kwenye simu. Kampuni ya mazishi ya kweli ina anwani, ina akaunti ya benki kwa jina la kampuni, na kabla haijagusa pesa yako inakupa makadirio yaliyochambuliwa: kuuchukua mwili, kuuhifadhi, kuutia dawa, jeneza, karatasi, mzigo wa ndege, kila kimoja na bei yake. Ofisi za ubalozi nyingi zina orodha ya kampuni zilizozoea kazi hii. Wasimamizi wa mochwari nao wanazijua. Mkija kuchagua, tafuteni kampuni mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, moja ya huko ya kutuma na moja ya nyumbani ya kupokea. Mmoja wenu akijifanya mpokeaji kwa kuokoa pesa, ataijutia pale uwanja wa ndege, nitakuambia kwa nini.

Umeniuliza kama mke anaweza kuwazuia. Ndiyo, anaweza. Ningekudanganya ningekuwa nimekuchelewesha. Sheria za nchi nyingi humweka mwenzi wa ndoa mbele kwenye kuamua mazishi, isipokuwa marehemu aliandika wosia na kumtaja mtu mwingine, ndipo huyo hutangulia. Wazazi hufuata, ndugu baadaye. Ndoa yao ya serikali, ambayo nadhani baadhi yenu hamkuipa uzito, ndiyo sasa inayoshika ufunguo. Mahakama ipo, na familia zingine hukimbilia huko, lakini wakati mawakili wanaandikiana barua, mwili uko kwenye jokofu na gharama za kuuhifadhi zinapanda. Sijaona familia iliyotoka kwenye kesi ya namna hiyo ikiwa bado familia. Mimi nisingeenda.

Na ubalozi usiutegemee uamue ugomvi, hauna mamlaka hayo. Kazi yake ni nyingine, na kazi hiyo uitumie. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 37, unaitaka nchi ambamo raia wa kigeni amefariki iijulishe ofisi yake ya kibalozi bila kuchelewa, pale mamlaka zinapokuwa na taarifa. Kwa hiyo inawezekana tayari wana faili la kaka yako. Wapigie wewe, wape jina kama lilivyo kwenye pasipoti, uliza wanachohitaji. Wengi wao hawalipii usafirishaji, hilo mlijue kabla mzee mmoja hajaanza kuwafokea, lakini wanaweza kuulizia ile ofisi ya uchunguzi kwa sauti inayosikika kuliko yako, wanathibitisha hati, na wanaifuta pasipoti ya marehemu na kuirudisha ili isafiri na mwili. Ila chunguza jambo moja: miaka tisa ni mingi. Kama kaka yako alikuwa amechukua uraia wa huko, basi kwa macho ya nchi ile ni raia wao amefia kwao, na huenda mkahitaji kibali cha kuuingiza mwili nyumbani kama wa mgeni. Wifi atajua.

Tuje kwenye karatasi, maana mwili hausafiri kwa pesa peke yake. Kuna cheti cha kifo. Kuna barua ya ile ofisi ya kuuachia mwili. Kuna cheti cha daktari au cha idara ya afya kwamba hakuna hatari ya maambukizi. Kuna cheti cha aliyeutia mwili dawa, na cha aliyelifunga jeneza kwamba ndani mna mwili huo na hakuna kingine. Kuna pasipoti. Kuna kibali chenyewe cha kusafirisha maiti, ambacho kwa watu wa kazi hii ndicho pasipoti ya marehemu. Kilianza kuwekwa sawa na mapatano ya Berlin ya mwaka 1937, kisha nchi za Baraza la Ulaya zikaandika mapatano yao Strasbourg mwaka 1973: kibali kitaje jina, umri, mahali na tarehe ya kifo, na nchi nyingine zilizosaini zisidai zaidi. Nchi ambazo hazimo humo hudai zaidi, na nyingi hazimo. Kama vyeti viko kwa lugha isiyosomwa nyumbani, vitahitaji tafsiri ya mfasiri anayetambulika kisheria. Wewe unaijua lugha, lakini tafsiri yako hawataipokea, ni dada wa marehemu.

Jina. Naomba usimame hapa. Jina lililo kwenye pasipoti ndilo liwe kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Miaka iliyopita nilikaa na familia moja nje ya ghala la mizigo la uwanja wa ndege tangu asubuhi hadi magharibi. Jeneza lilikuwa ndani, tunaliona likipita kwenye kitoroli kila mlango ukifunguliwa. Cheti cha kifo kilikuwa na jina la babu, hati ya mzigo haikuwa nalo, na aliyeandikwa kuwa mpokeaji alitajwa kwa jina la utani ambalo hakuna kitambulisho kinachoweza kulithibitisha. Hakuna aliyetuonea. Karatasi zilikuwa za watu wawili tofauti. Ndiyo maana nasema mpokeaji awe kampuni inayojulikana pale.

Maana mwili, mwanangu, husafiri kama mzigo. Neno baya lakini ndilo. Hauji na abiria kwenye ukumbi wa kuwasili, unashuka kwenye sehemu ya mizigo, unapita forodha na afya ya uwanja, na unatozwa kwa uzito. Si kila ndege inaupokea na si kila kituo cha kubadilishia ndege kinaukubali, hivyo njia fupi kwa abiria inaweza isiwe njia yake. Anayeusindikiza atapanda juu na tiketi yake, na akifika atasubiri kama wengine.

Baba yako aambiwe mapema kuhusu jeneza. Yale mapatano ya Strasbourg yanataka jeneza la nje la mbao zenye unene usiopungua milimita 20 na ndani yake jingine la zinki lililolehemiwa, au la mbao za milimita 30 lililotandikwa bati la zinki. Ndege nyingi na nchi nyingi hudai kitu kinachofanana na hicho, ili lisivuje. Likishalehemiwa, kulifungua si kama kuinua kifuniko, na nchi zingine zinakataza kabisa au zinataka afisa wa afya awepo. Mzee anayengoja kuuona uso wa mwanawe kwa mara ya mwisho asije akalijua hilo mbele ya watu mia mbili. Uliza kampuni ya nyumbani sheria inasemaje, umwambie. Kuna majeneza yanayowekewa kioo kidogo usawa wa uso. Ulizeni kama huko yapo. Muulize pia aliyeutia mwili dawa, kwa upole, hali ikoje. Mwili uliopasuliwa kwa uchunguzi na kukaa siku nyingi ni mgumu zaidi kuutia dawa, na wale mafundi, wengi wao ni watu waungwana sana, watakuambia ukweli kama kufungua kunafaa. Na kama dini yenu ina neno kuhusu kutia dawa au kuosha mwili, lisemwe sasa, kabla haijafanyika, maana ndege na mpaka mara nyingi havipokei mwili usiotiwa dawa pasipo mipango maalumu.

Baada ya haya yote unaona Jumamosi ile haina miguu. Kesho kwenye kikao, kabla ya neno lolote kuhusu pesa, omba tarehe ifutwe. Isiahirishwe kwenda Jumamosi nyingine. Ifutwe. Tarehe hupangwa mwili ukishaachiwa, karatasi zikishakamilika na namba ya hati ya mzigo iko mkononi, na hata hapo acheni siku mbili za nafasi. Tarehe iliyotangazwa mapema ndiyo inayowafanya watu wenye akili zao wamtumie pesa mtu mwenye mihuri miwili. Baba mdogo sidhani kama ni mbaya. Ametangaza jambo mbele za watu na sasa anaona aibu inamjia mbio.

Karatasi ya kampuni: msisaini hivyo ilivyo. Kusafirisha mwili ni jambo moja, mafao na fidia ni jambo jingine, na anayeyafunga kwenye saini moja anajua anachofanya. Sisemi kampuni ina kosa, bado hata sababu ya kifo haijulikani. Ndiyo maana hasa hamwezi kusaini leo kwamba hamna dai. Waandikieni kwa heshima: tunashukuru, tunapokea msaada wa usafirishaji, na hatuondoi dai lingine lolote. Wengi hukubali wakiona umesoma. Halafu muulizeni wifi kama kulikuwa na bima ya kazini, ya maisha au ya chama cha wafanyakazi, kwa sababu bima nyingi za namna hiyo zina fungu la kurudisha mwili, na mara nyingi zinataka zijulishwe kabla hujaajiri kampuni ya mazishi, vinginevyo zinakataa kurudisha pesa. Nchi zilizoridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji nazo zimebanwa na kifungu cha 71 kurahisisha kurudishwa kwa miili yao pale inapohitajika. Ni nchi chache zilizouridhia na wapokeaji wakubwa wa wafanyakazi wengi hawamo, lakini ubalozi ukiuliza watajua kama huko umo.

Lililobaki ndilo ulilolificha mwishoni: nitamwambiaje baba.

Usimwambie kwanza. Hujui bado utamwambia nini. Wifi yako hajakataa. Alichoandika ni kwamba mtoto wake anahitaji mahali pa kumtembelea baba yake. Mimi naona humo mama anayeogopa kwamba jeneza likishaondoka, yeye na mwanawe hawatakuwa watu wa kaburi hilo. Nani amemwambia vinginevyo? Mmempigia mkidai mwili. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili ukija, na yeye anakuja, na tiketi yake na ya mtoto ziko ndani ya hesabu ya michango, na jina lake litasomwa la kwanza. Mwambie hivyo, kama kikao kimekubali kulitimiza. Msiahidi tiketi ambayo hamtaikata.

Na kama akisikia yote hayo bado akasema azikwe huko, basi michango hiyo hiyo inaweza kuwapeleka baba na mama wakamzike kwa mikono yao. Ubalozi ukiandika barua ya msiba, viza huenda ikaenda haraka kidogo, ingawa "haraka" ya viza ni ya kwao wenyewe, kwa hiyo maombi yaanze mapema. Hilo kwa baba si kushindwa, ni safari. Mpe njia zote mbili, mama yako akiwapo, na umwachie asubuhi nzima ya kufikiri. Watu wengine wangekutajia majivu, na kweli husafirishwa kirahisi zaidi. Hata yale mapatano ya Strasbourg hayayagusi, na hubebwa hata kwenye mkoba wa mkononi kama chombo chake kinapenywa na mashine ya ukaguzi na cheti cha kuchomwa kipo. Lakini kwa jinsi ulivyomweleza baba yako, sidhani ni neno la kulileta nyumbani kwenu, na dini ya watu wengi hailikubali. Msilitaje kama hamjaulizwa.

Kitu kimoja kimenikaa rohoni tangu nimalize barua yako. Umeniandikia siku kumi na moja za simu na mwanamke aliyeamka akamkuta mumewe amekufa pembeni yake, akiwa na mtoto wa miaka minne chumba cha pili. Nimetafuta mahali ambapo mmoja wenu alimpa pole. Sijapaona. Labda uliandika ukafuta.

Mtumie ujumbe leo hii, kabla ya kikao. Kwa lugha yake, na usimshirikishe baba mdogo. Usiombe chochote kwenye ujumbe wa kwanza. Mpe pole, muulize mtoto analala vipi, mwambie kwamba aliyoyasikia yakisemwa kwenye simu ile hayakuwa yako. Akijibu, na nadhani atajibu usiku, muda wako huo wa saa nane, acha aseme mpaka aishiwe. Kisha weka karatasi na kalamu karibu, umwombe namba ya faili.

Shangazi